Karai, Mchanga na Zebaki

Dhahabu ni metali adimu, lakini chombo cha kuitafutia ni karai lile lile ambalo fundi mwashi huchotea zege. Katika vijiji vingi vya Geita, magharibi ya Ghuba ya Mwanza, yaweza kuonekana familia nzima ikiwa kando ya kijito tangu asubuhi: baba akichota kifusi, mama akiinama juu ya karai na kulizungusha, na watoto wakileta maji kwa ndoo. Kila baada ya muda mama huinamisha ukingo wa karai. Matope na mchanga mwepesi hutiririka kurudi kijitoni, na mwishowe hubaki utepe mwembamba wa mchanga mweusi. Katika ncha ya utepe huo, siku ya bahati, huonekana punje mbili tatu za manjano.

Mtazamaji hudhani kwamba hiyo ni kazi ya mazoea tu, ambayo siri yake imo mikononi mwa mwoshaji. Kwa hakika kila mzunguko wa karai ni somo la fizikia. Kwa nini punje za dhahabu zibaki na mchanga uondoke? Na kwa nini, baada ya taabu yote hiyo, sehemu kubwa ya dhahabu hupotea pamoja na maji, hata watu wakaiendea zebaki iwasaidie? Maswali haya mawili yanahusiana kuliko yanavyoonekana, na uhusiano huo wawagusa hata wale watoto walioleta maji.

Asili ya dhahabu ya Geita

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Geita hupita juu ya miamba ya namna mbili. Mji wa Mwanza umejengwa juu ya itale, jiwe gumu lenye chembe za kumetameta, ambalo mawe yake makubwa yaliyopandana ziwani na vilimani yanajulikana na kila mtu aliyewahi kufika huko. Jiwe la Bismarck ni mfano mmojawapo. Itale hiyo haina dhahabu ya kumshughulisha mchimbaji. Lakini barabara ikishavuka ghuba kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 mahali palipokuwa na kivuko kwa miaka mingi, na kuipita Sengerema, nchi hubadilika. Udongo huwa mwekundu, na katika vilima huonekana miamba ya mistari mistari, mwekundu kwa mweusi, yenye chuma kingi.

Wanajiolojia huiita miamba hiyo ya Kinyanza, kwa jina la ziwa. Umri wake ni zaidi ya miaka milioni 2,500, nayo ilianza kama lava na majivu ya volkeno yaliyomwagika chini ya bahari ambayo haipo tena, pamoja na matabaka ya chuma na silika yaliyotua kidogo kidogo juu ya sakafu ya bahari hiyo. Baadaye sana miamba ilikunjwa na kupasuka, na maji ya moto yenye salfa yakapanda kupitia nyufa kutoka vilindini. Maji hayo yalibeba dhahabu, kwa kuwa dhahabu huweza kuyeyuka katika maji ya moto ikiwa imeshikamana na salfa. Yalipokutana na miamba yenye chuma, salfa iliiacha dhahabu na kuungana na chuma. Dhahabu, ikiwa imeachwa na mchukuzi wake, ikabaki pale pale ndani ya mishipa ya jiwe jeupe la kwatsi. Ndiyo sababu hutafutwa zaidi penye miamba ya chuma kuliko penye itale tupu.

Wajerumani waliigundua dhahabu ya Geita mwaka 1898. Mgodi mkubwa wa kwanza ulifanya kazi tangu 1936 hadi 1966, na mgodi wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Wakati wote huo, kabla ya migodi na baada yake, wachimbaji wadogo hawakukoma.

Jiwe hata likiwa gumu namna gani halishindi jua na mvua. Madini ya salfa na chuma huoza na kuwa kutu, ambayo ndiyo rangi nyekundu ya udongo wa Geita. Dhahabu haiozi wala haipati kutu. Hubaki huru ndani ya udongo, na mvua za vuli na masika huisukuma kuelekea bondeni. Hata hivyo haiendi mbali. Mito mingi ya nchi ya Wasukuma na Wazinza ni ya msimu, na mteremko wake ni mdogo. Haina nguvu ya kuchukua kitu kizito safari ndefu. Hapo Geita inatofautiana na Lupa, wilayani Chunya, ambako dhahabu ya mitoni iligunduliwa mwaka 1922 na kuvuta maelfu ya watu. Katika Geita dhahabu ya kijitoni huwa karibu na mwamba wake mama, na mara nyingi kilichomo ndani ya karai si mchanga wa mto hata kidogo, bali ni jiwe lililotolewa shimoni na kusagwa kwa nyundo au kwa karasha.

Ukaribu huo una faida yake. Mtafutaji wa zamani, kama mwanajiolojia wa leo, alipanda na kijito akiosha karai moja kila baada ya hatua kadhaa na kuhesabu punje. Kadiri alivyokaribia asili, punje ziliongezeka, na umbo lake likabadilika: zile za chini zilikuwa laini za mviringo kwa kugongwa na mawe, za juu zikawa na makali na vijino. Kisha ghafula, karai likatoka tupu. Hapo aliacha mto na kugeukia kando ya kilima, kwa kuwa alijua ameupita mlango wa dhahabu.

Hata ndani ya kijito chenyewe dhahabu ina mahali pake. Maji yaendayo mbio hubeba kila kitu. Yakipunguza mwendo hutua kwanza mzigo mzito. Kwa hiyo mwoshaji mzoefu huchota kwenye upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya jiwe kubwa, kati ya mizizi ya miti, au, bora zaidi, ndani ya nyufa za mwamba ulio chini ya mchanga wote. Mgeni huchota juu juu katikati ya mto, kwa sababu ndipo penye mchanga mzuri wa kung'aa. Mara nyingi kinachong'aa ni ulanga, ambao ni mwepesi na huenda na maji.

Uzito ndani ya maji

Densiti ni uzito wa kitu kwa kipimo kimoja cha ujazo. Sentimeta moja ya ujazo ya maji ina gramu 1. Ujazo huo huo wa kwatsi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mchanga wa kawaida, una gramu 2.65, wa magnetiti, yaani yale madini meusi ya chuma, una takriban gramu 5.2, na wa dhahabu una gramu 19.3. Basi katika hewa dhahabu ni nzito kuliko mchanga mara saba na zaidi kidogo.

Lakini karai hufanya kazi ndani ya maji, na maji hubadilisha hesabu. Kila kitu kilichozama hupunguziwa uzito kwa kadiri ya maji kiliyoyasukuma. Kila sentimeta ya ujazo, iwe ya dhahabu au ya mchanga, hupunguziwa gramu moja ile ile. Kwa dhahabu hasara hiyo si kitu: kutoka 19.3 hubaki 18.3. Kwa mchanga ni msiba, maana kutoka 2.65 hubaki 1.65 tu. Gawanya 18.3 kwa 1.65, na jibu ni 11. Kwa hiyo maji hayasafishi tu. Yanaukuza uzito wa dhahabu mbele ya mchanga kutoka mara saba hadi mara kumi na moja. Mtu apepetaye dhahabu kwa upepo, kama ifanywavyo mahali pakavu pasipo na maji, hupoteza msaada huo.

Mtikiso wa karai nao una kazi yake. Mchanga uliotulia chini umeshikana, wala punje ya dhahabu haiwezi kupenya. Karai likitikiswa kwa nguvu huku na huku, maji huingia kati ya chembe, nao mchanga huwa kama uji. Hapo kila chembe hujitafutia mahali kulingana na uzito wake, na dhahabu huzama hadi chini kabisa. Ndipo karai huinamishwa na kuzungushwa polepole ili tabaka la juu liondoke. Mwoshaji asiye na subira huzungusha kabla ya kutikisa, naye humwaga dhahabu yake mwenyewe mtoni.

Familia ya Mwanza itakayo kuyaona haya kwa macho siku ya Jumapili haina haja ya kwenda Geita. Tena haifai kwenda kuchota katika kijito cha watu: kwa Sheria ya Madini ya mwaka 2010 uchimbaji mdogo huhitaji leseni, na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 za kingo za mito na ziwa. Yatosha karai, nusu ndoo ya mchanga mkavu, na gololi kumi ndogo za chuma kutoka gurudumu la baiskeli. Gololi zihesabiwe na kufukiwa katika mchanga. Kisha maji yatiwe, mtoto atikise, ainamishe na kuzungusha mpaka mchanga ubaki wa kujaa kiganja, halafu azihesabu gololi upya. Densiti ya chuma cha pua ni chini ya nusu ya densiti ya dhahabu, na bado kwa kawaida gololi zote kumi hupatikana. Anayepata saba amejifunza mengi kuliko aliyepata zote.

Mchanga mweusi uliobaki nao usitupwe. Sumaku ya spika ya redio mbovu, ikifungwa ndani ya karatasi ya nailoni na kupitishwa juu yake baada ya kukauka, itainua magnetiti kama manyoya meusi. Nailoni ikivuliwa, unga wote huanguka. Waosha dhahabu hutumia njia hiyo hiyo katika hatua ya mwisho, kwa kuwa magnetiti ndiye mshindani mkaidi kuliko wote: ndani ya maji dhahabu huizidi kwa mara nne na kidogo tu, si kumi na moja.

Tahadhari moja haina budi kutajwa. Maji ya kingo za ziwa na ya vijito vilivyotulia yana konokono wabebao vijidudu vya kichocho, ambavyo hupenya ngozi ya mtu asimamaye majini. Jaribio lifanywe kwa maji ya bomba, au kwa maji ya ziwa yaliyowekwa katika chombo safi kwa siku mbili kamili, muda ambao vijidudu hivyo huwa vimekufa. Mama aoshaye dhahabu kijitoni siku nzima hana nafasi hiyo ya kuchagua.

Mahali karai linaposhindwa

Ikiwa dhahabu ni nzito kiasi hicho, kwa nini ipotee? Jibu limo katika udogo wa chembe. Mwendo wa chembe ndogo sana kuzama hautegemei densiti peke yake, bali pia upana wake: upana ukipungua kwa nusu, mwendo hupungua hadi robo. Chembe ya dhahabu yenye upana wa milimeta 0.05, ambayo jicho huiona kwa shida, huzama kwa mwendo sawa na chembe ya mchanga yenye upana wa takriban milimeta 0.17. Mbele ya maji hizo mbili ni kitu kimoja. Zinaenda pamoja, na karai haliwezi kuzitenganisha.

Umbo huzidisha tatizo. Dhahabu ni laini, na gramu moja yake yaweza kufuliwa ikawa jani la karibu mita moja ya eneo. Nyundo na karasha, zisagapo jiwe kupita kiasi, hufanya kazi ya sonara bila kukusudia: huzipondaponda chembe kuwa vijani vyembamba. Kijani cha namna hiyo huweza kuelea juu ya maji kama sindano ielavyo juu ya bakuli, kwa kuwa uso wa maji huwa kama ngozi iliyokazwa. Mafuta kidogo ya mikono au ya karai la jikoni hufanya kielee kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana karai jipya huchomwa motoni kwanza, na tone la sabuni katika maji huzamisha vijani vilivyokuwa vikielea.

Hasara hii si ndogo kama udogo wa chembe unavyodokeza. Chukua vijipande vya dhahabu vya umbo la dadu, kila upande wake ukiwa milimeta 0.1. Ili kupata gramu moja vinahitajika zaidi ya vijipande 50,000. Hakuna kidole wala kibanio kiwezacho kuviokota. Mwoshaji huviona vikimeta ndani ya mchanga mweusi, anajua kwamba chakula cha wiki kimo humo, wala hana njia ya kuvitoa. Hapo ndipo chupa ndogo ya zebaki hutolewa mfukoni.

Zebaki

Zebaki ni metali iliyo kimiminiko katika halijoto ya kawaida, yenye densiti ya 13.5. Mchanga huelea juu yake, na hata magnetiti. Dhahabu haielei, huloweshwa nayo kama sukari iloweshwavyo na chai, na chembe elfu moja zilizotawanyika hukusanyika kuwa kitu kimoja. Mwoshaji huikanda ndani ya mchanga mweusi kwa vidole, huosha tena, kisha huikamua kwa kitambaa. Zebaki iliyozidi hupenya kitambaa. Kinachobaki ni tonge gumu la rangi ya fedha, ambalo takriban nusu yake ni dhahabu na nusu ni zebaki. Ujuzi huu ni wa kale sana, Warumi waliujua. Ni rahisi, ni wa haraka, na yeyote aweza kujifunza kwa kutazama mara moja. Yeyote anayeulaumu bila kuukiri uzuri wake hatasikilizwa na wachimbaji, wala hastahili kusikilizwa.

Ubaya wake huanza pale tonge linapotiwa motoni. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za sentigredi, na dhahabu haiyeyuki mpaka nyuzi 1,064. Jiko la mkaa hutosha kuzitenganisha: baada ya dakika chache zebaki yote imekwisha kupaa, na dhahabu imebaki ikiwa na vitundu kama sifongo. Mvuke uliopaa hauna rangi wala harufu. Mtu hafahamu kwamba anauvuta, na mapafu hayaufukuzi. Takriban sehemu nne kwa tano za zebaki iliyovutwa huingia katika damu. Kutoka hapo hufika katika figo na ubongo, na kwa mama mjamzito hupenya kondo na kumfikia mtoto aliye tumboni. Dalili zake huja polepole: mikono kutetemeka, usingizi kupotea, kusahau, hasira zisizo na sababu, vidonda vya fizi. Kwa kuwa dalili hizo zafanana na za malaria, za uchovu na za pombe, aghalabu mgonjwa hutibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba zebaki ile ya maji maji ikimezwa haidhuru sana, kwa sababu tumbo huiachia ipite. Wachimbaji wengine wamewahi kuliona hilo na kuamua kwamba sumu yake ni uvumi. Wamepima mlango usio wenyewe.

Mahali pa kuchoma ndipo penye hatari kuu. Tonge ni mali, na mali huogopewa wezi. Kwa hiyo huchomwa ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa, mara nyingi kwenye jiko lile lile litakalopikiwa ugali. Mvuke ukigusa ukuta, paa, nguo au sufuria ya baridi hugeuka tena kuwa matone madogo yasiyoonekana, na matone hayo huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo siku nyingi baadaye, hata moto ukiwa umezimwa na baba amekwenda sokoni. Mtoto alalaye chumbani humo huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima kwa kadiri ya uzito wake, na ubongo wake bado unajengwa.

Kijiji cha Rwamagasa, wilayani Geita, kilikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa na mradi wa kimataifa wa zebaki wa shirika la UNIDO ulioanza mwaka 2002. Waliopatikana wakiwa wameathirika zaidi ni wale waliochoma matonge, si wale waliochimba. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya watoto katika machimbo madogo ya Chunya, Geita na Kahama, ikieleza kwamba baadhi yao huikanda zebaki kwa mikono na kuchoma matonge wenyewe.

Zebaki na samaki

Watu wa Mwanza huuliza kwanza juu ya samaki, nao wana haki. Zebaki iliyomwagwa na maji ya kuoshea hutua katika matope ya vijito. Humo, mahali pasipo na oksijeni, bakteria huweza kuigeuza kuwa zebaki ya methili, ambayo ni sumu kali zaidi na haipiti tu tumboni bali huingia mwilini karibu yote. Mwani huwa nayo kidogo, samaki mdogo huwa nayo zaidi, na samaki mla samaki, kama sangara, huwa nayo zaidi ya hao wote. Hiyo ndiyo iliyoleta ugonjwa wa Minamata huko Japani, uliotambuliwa rasmi mwaka 1956.

Hata hivyo uchunguzi wa kusini mwa ziwa tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba samaki wengi waliopimwa walikuwa chini ya kiwango cha miligramu 0.5 kwa kilo. Wataalamu wametaja sababu mbalimbali: samaki wa ziwa hili hukua upesi, hivyo sumu husambaa katika nyama nyingi, na udongo mwekundu wenye chuma huishikilia zebaki karibu na mahali ilipomwagwa. Katika uchunguzi mmoja wa nywele uliofanywa na Wajapani miaka hiyo, baadhi ya waliokuwa na zebaki nyingi kuliko wengine hawakuwa wachimbaji wala walaji wakubwa wa samaki. Walikuwa watu waliotumia sabuni za kujichubua, ambazo zilitiwa zebaki kiwandani.

Habari hiyo njema ya samaki isichukuliwe kuwa ya milele. Siku hizi marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, hukusanywa na kulowekwa katika sianidi ili kutoa dhahabu iliyobaki. Sianidi huyeyusha pia zebaki iliyokuwa imetulia humo na kuipa njia ya kusafiri na maji. Mkataba wa Minamata, uliotiwa saini mwaka 2013 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2020, unataka zikomeshwe desturi nne zilizo mbaya kuliko zote: kutia zebaki katika jiwe lote lililosagwa, kuchoma tonge hadharani, kuchoma katika makazi ya watu, na kutia sianidi katika marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza.

Njia ya kutoka

Desturi ya kwanza hushindwa na karai lenyewe. Anayetia zebaki katika kifusi chote huipoteza nyingi katika matope. Anayeosha kwanza, kwa ubao ulioinamishwa na kutandikwa magunia na kisha kwa karai, hadi gunia zima la jiwe limekuwa kikombe cha mchanga mweusi, huhitaji zebaki ya kufunika kikombe hicho tu. Sumaku ikipitishwa, hata kikombe hupungua. Mwoshaji stadi hufika mahali ambapo zebaki haihitajiki kabisa: mchanga mzito uliosafishwa sana huchanganywa na boraksi, unga mweupe ambao masonara wa pwani wameutumia siku zote, na kuyeyushwa katika chungu kidogo. Boraksi huyafanya madini mengine yayeyuke kwa moto mdogo zaidi, na tone la dhahabu huzama chini yake. Njia hii imetumika muda mrefu huko Benguet, Ufilipino, na wachimbaji wa Chunya wameonyeshwa. Inataka subira na moto mkali, wala haifai kwa kila jiwe.

Kwa anayebaki na tonge kipo kifaa kiitwacho retoti, ambacho fundi yeyote wa kuchomelea vyuma aweza kukitengeneza. Ni chungu kidogo cha chuma chenye kifuniko cha kukaza kwa skrubu, na bomba jembamba litokalo juu yake na kuinama chini. Tonge huwekwa ndani, chungu huwekwa motoni, na bomba huviringishwa kitambaa kinachomwagiwa maji. Mvuke upitao ndani ya bomba hupoa, huwa zebaki tena, na kudondoka katika bakuli la maji. Mdomo wa bomba uning'inie juu kidogo ya maji hayo bila kuyagusa. Ukizama, chungu kikianza kupoa kitafyonza maji ndani na chaweza kupasuka. Retoti iliyofungwa vizuri hurudisha zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za zebaki, na kwa kuwa zebaki hununuliwa kwa fedha, faida yake huonekana kabla ya ile ya afya.

Kazi hiyo hufanywa nje, mbali na nyumba, mchomaji akisimama upande utokao upepo, na watoto wasiwepo. Kifuniko hakifunguliwi mpaka chungu kimepoa kabisa, maana mvuke uliobaki ndani humpiga usoni afunguaye kwa haraka ya kuiona dhahabu yake. Zebaki iliyopatikana huwekwa katika chupa ngumu, ikifunikwa kwa maji kidogo juu yake ili isitoe mvuke, na chupa hiyo haiwekwi chini ya kitanda, mahali ambapo mara nyingi ndipo ilipo.